Mwalimu wa Kwaya na Jiwe la Waliofika

Nakushukuru, Mwenyezi Mungu, unayemkumbuka kila mtu, hata yule asiye na kaburi. Umenifikisha umri huu nikiwa na macho yanayoona na akili inayokumbuka, na katika mji wa watu umenipa ndugu ambao sikuwatarajia. Kabla sijaandika neno juu ya mwanamke huyu naanza na sifa zako, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukubali wimbo wowote uanze kabla watu hawajavuta pumzi na kukutaja. Uniongoze niseme kweli. Nisimpambe kupita alivyokuwa, maana angenikasirikia.

Tulimwita Mwalimu tu. Jina lake lilikuwa refu, lenye herufi zinazogongana, na siku nilipojaribu kulitamka aliinua mkono akasema, "Baba Katekista, acha, utaumia." Tangu hapo hakuna aliyejaribu tena. Alikuwa Mwarmenia, mzee, mwembamba, na mfupi kiasi kwamba akisimama mbele ya kwaya, walio safu ya nyuma waliona mikono yake peke yake. Aliishi Troyeville, mtaa wa hapa Johannesburg, katika nyumba ndogo yenye piano kubwa, akifundisha watoto wa watu kuipiga. Ujanani alikaa Lubumbashi miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Kilikuwa cha zamani, chenye maneno ambayo hata Wakatanga wa kwaya yetu walikuwa wameanza kuyasahau.

Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sikumuuliza, naye hakuniuliza ya kwangu. Ofisi za mji huu zilikwisha kutuuliza hayo mara nyingi mno. Sisi kwa sisi tulikuwa tunaulizana kama mtu amekula.

Alitujia kwa hasira. Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 2015, siku ya Jumamosi mchana. Kwaya yetu ya Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili ilifanyia mazoezi Bellevue, katika sebule ya nyumba moja kubwa ya zamani ambayo vyumba vyake vyote vilikuwa vimepangishwa, kila chumba familia yake. Mimi nilikuwa katekista tangu Uvira, na hapa Johannesburg niliiongoza kwaya kwa kukosekana mwingine, kwani siku za kazi nilikuwa mlinzi wa karakana moja ya Jeppestown na sikujua muziki zaidi ya kupiga makofi kwa wakati. Tulikuwa katikati ya wimbo mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Nani anaiua hii sauti ya alto?" akauliza bibi mmoja mzungu, kwa Kiswahili.

Wimbo ukakatika. Mama Zawadi, msusi wa nywele kutoka Uvira ambaye ndiye sauti yetu ya kwanza na ulimi wetu wa kwanza, alijibu kwa niaba yetu.

"Mama, weye ni nani?"

"Mimi ni mtu mwenye masikio."

"Na hodi ya kwenu iko wapi?"

"Nimeiacha nje. Ilikuwa haitaki kuingia kwa hizi kelele."

Mama Zawadi alicheka kwanza, na mwenye kucheka kwanza ameshindwa. Bibi yule alikuwa amekuja kumfundisha mtoto wa nyumba ya jirani. Akasimama mahali pangu bila kuomba, akaniambia nikakae na besi, na hadi leo nipo kwenye besi.

Alikuwa na kichuma cha meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa sauti moja isiyobadilika. Alikigonga kwenye goti lake, akakisogeza sikioni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani. Masikio yake hayakuwa na likizo. Siku moja tulikuwa tumesimama naye kwenye robot, taa za barabarani, tukingoja kuvuka, teksi ikapiga honi nyuma yetu. "Hiyo ni noti ya si bemoli," akasema, "na dereva hana dini." Kulikuwa na mlango wa kanisa uliolia kila ulipofunguliwa. Alikataa katakata utiwe mafuta, kwa sababu ulikuwa unalia noti ya la iliyo sahihi kuliko tenori wetu.

Alikuwa mkali juu ya kuchelewa, na yeye mwenyewe alichelewa kila Jumamosi, kwa kuwa hakuweza kumpita mtu njiani bila kuzungumza naye. Alifika akihema, akatazama saa, akatugombeza sisi tuliokuwa tumemngoja. Mtu akimletea zawadi alikataa, akasema ana kila kitu. Lakini hakuna aliyetoka nyumbani kwake bila chupa ya jemu ya aprikoti mkononi, uitake usiitake. Nilikuwa na chupa sita na sikupenda aprikoti.

Ngoma hakuitaka kabisa. Kijana wetu mpiga ngoma alipoiingiza sebuleni, Mwalimu alimwambia, "Hii ikae koridoni. Itasikiliza." Ikakaa koridoni mwaka mzima. Miguu nayo aliikataza. Watu wa kwetu hatujui kuimba tukiwa tumesimama kama nguzo, lakini kila tulipoanza kuyumba alisema, "Nasikia viatu." Hata hivyo mara nyingi, akiwa amefumba macho, nilikiona kidole chake cha mguu kikiinuka na kushuka ndani ya kiatu. Sikumwambia mtu.

Juu ya kulia alikuwa na sheria. "Ukilia, koo linafunga. Chagua moja, kulia au kuimba." Fundi wetu, Mrundi mshona nguo mwenye besi nzito, aliwahi kulia katikati ya wimbo wa Ijumaa Kuu akikumbuka nduguze. Mwalimu alimngoja amalize, akampa leso yake mwenyewe, akasema, "Vizuri. Umelia yako. Sasa tupe re." Fundi akatoa re. Hakuna mahubiri yangu yaliyowahi kumtuliza mtu haraka namna ile.

Lakini mwezi wa nne ulipofika yeye mwenyewe alivaa nyeusi, mwezi mzima, tangu kichwani hadi viatuni, wala hakuimba. Tulidhani amefiwa. Nilikwenda kumpa pole, nikamuuliza ni nani.

"Ni watu wengi," akasema. "Keti."

Ndipo aliponieleza. Miaka mia moja nyuma, mwezi kama huu, katika dola ya Waturuki wa Osmani, watu wake walitolewa majumbani mwao. Wanaume waliuawa. Wanawake, wazee na watoto walitembezwa kwa miguu kuelekea jangwa la Siria, na wengi sana wakaishia njiani, wengine kwa njaa, wengine kwa kuuawa, wengine mtoni. Waliobaki walitawanyika duniani, na wachache kabisa ukoo wao ulifika huku kusini. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Mwishoni tu alisema, "Bibi yangu aliondoka na dada watatu. Alifika peke yake."

Mimi nami ninazo safari ambazo sikuzimaliza na wale niliozianza nao, na Mungu anazijua.

Akaendelea kuniambia jambo alilokuwa akilisubiri kuliko yote. Waarmenia wachache wa mji huu walikuwa wamepewa sehemu katika bustani ya umma ili wasimamishe jiwe la ukumbusho. Lilikuwa likichongwa nchini kwao, msalaba wa jiwe jekundu, nalo lingekuja kwa meli. Lingeandikwa: kwa waliouawa, na kwa waliokimbia wakafika. Siku ya kulibariki padri wao angetoka mbali kuja, kwa sababu hapa hawakuwa na padri anayekaa.

"Jiwe lipo. Padri yupo," akasema. "Waimbaji hakuna. Tulikuwa kumi na wawili, tumebaki wanne, na mmoja wetu hasikii. Kamati yetu inataka kupiga kanda kwenye spika. Baba Katekista, mashine haisali. Nataka kabla sijafa wafu wangu waimbiwe na watu walio hai, mbele ya jiwe, mara moja tu. Nikope kwaya yako?"

Nikamwambia kwaya si yangu tena tangu siku aliyoingia bila hodi.

Basi tukaanza kujifunza ibada ya wafu ya kanisa lao. Maneno tuliyaandika kwenye daftari kwa herufi zetu, kama masikio yalivyosikia. Mwalimu aliyasahihisha kwa penseli nyekundu mpaka kurasa zikafanana na nguo yenye damu. Aliyeyashika upesi ni Fundi. Wengine tulipigana nayo. Mama Zawadi alilalamika kwamba kuna neno lina konsonanti nne mfululizo na yeye ana meno machache kuliko hizo.

"Vuta pumzi kabla," Mwalimu alimwambia. "Dhambi utaungama baadaye."

Siku moja alituletea picha ya jiwe. Mama Zawadi aliikagua sana, akaigeuza, akaitazama tena. "Mwalimu, mbona msalaba hauna Yesu?"

"Amefufuka. Unataka akae hapo anafanya nini?"

Na kweli, kwenye picha ile msalaba hauna mateso. Chini yake kuna mbegu, na kutoka kwenye mbegu yanaota majani mawili makubwa yanayoukumbatia kama mti ulio hai. Mimi nimefundisha Njia ya Msalaba miaka thelathini, na sikuwahi kuona msalaba uliochanua.

Kisha ukaja mtihani. Mwaka ule ule kanisa lao liliwatangaza wote waliouawa kuwa watakatifu mashahidi, wote kwa pamoja, wenye majina na wasio na majina. Kengele zilipigwa duniani kote. Sisi tulimpongeza Mwalimu, akapokea pongezi kama mtu anayepokea barua asiyoielewa. Baada ya miezi kadhaa padri wao akamwandikia juu ya siku ya jiwe. Kwa heshima nyingi alimwambia kwamba ibada ya wafu haitaimbwa tena kwa ajili yao. Mtakatifu haombewi kupumzika, kwa kuwa amekwisha kupumzika. Tujifunze wimbo wa ushindi wa mashahidi.

Jumamosi ile Mwalimu hakuja. Ya pili hakuja. Nilikwenda Troyeville, nikamkuta ameketi mbele ya piano iliyofungwa, amevaa nyeusi, na haukuwa mwezi wa nne.

"Baba Katekista, wewe umesoma dini. Nieleze. Tangu utoto kila siku nimesema, Mungu, wape raha ya milele. Leo naambiwa niache, niwaombe wao waniombee mimi. Kwa hiyo maombi yangu yote yalikuwa ya bure?"

"Hayakuwa ya bure, Mwalimu. Yamejibiwa."

"Hilo ni jibu la kitabuni."

"Ndiyo."

"Nenda kalete jingine."

Nikaondoka, na chupa ya jemu. Jumamosi iliyofuata nilirudi sina jingine. Nilimkazia bawaba ya geti iliyokuwa imelegea, tukanywa kahawa. Nilipokuwa naaga ndipo aliposema lililokuwa likimkaba. "Mdogo wa dada za bibi yangu alikuwa na miaka sita. Mtakatifu wa miaka sita, hajamaliza hata kubadilisha meno. Mtakatifu haliliwi. Basi yule mtoto ataliliwa na nani?"

Mara ya tatu nilimchukua Mama Zawadi. Nakiri sikumchukua kwa hekima. Alinifuata mwenyewe, akasema kwaya inakufa na mimi nipo tu na dini yangu. Aliingia, akaketi karibu na Mwalimu bila kungoja kukaribishwa, akamshika mkono.

"Mwalimu, nikuulize. Hawa wafu wenu, nani aliwatolea matanga?"

Mwalimu hakuelewa, au alijifanya haelewi. Mama Zawadi akamweleza. Kwetu mtu akifa watu hukaa matanga, mfiwa akavaa nguo za msiba, hanyoi, hachezi. Siku zikitimia, matanga yanatolewa. Mfiwa ananawishwa uso mbele ya watu, anavalishwa nguo mpya, na nyimbo zinabadilika. Kuanzia hapo anamkumbuka marehemu, lakini si mtu wa msiba tena.

"Hatuna makaburi," Mwalimu akasema. "Hatukuwa na miili. Unatoa vipi matanga ya watu ambao hukuwazika?"

"Hata sisi tuko na wengi hatukuwazika. Mume wangu sijui alilala wapi. Lakini matanga nilitolewa, Bukavu, kwenye kambi, na watu nisiowajua. Kama si hivyo ningekuwa nimekaa chini mpaka leo." Akavuta pumzi. "Miaka mia, Mwalimu. Yule mtoto ametembea sana. Kila siku mnamwita kwenye kilio, naye anarudi barabarani kuwatafuta. Mwacheni akae."

Mwalimu aliutazama mfuniko wa piano. Nilidhani atatufukuza.

"Kwa nini sikutolewa?" akauliza mwishowe, kwa sauti ndogo. "Kwa nini hakuna aliyetutolea?"

"Kwa sababu mlikuwa peke yenu. Mfiwa hajitolei matanga. Na ndugu yake hamtolei, naye amefiwa. Wanatafutwa watu wa nje."

"Wa nje kama nani?"

"Eish, Mwalimu. Kama sisi."

Mwalimu aliisogelea piano. Akafunua piano, akapiga sauti moja, akaisikiliza hadi ikaisha. "Jumamosi, saa nane. Atakayechelewa abaki kwao." Jumamosi ile alifika saa tisa kasorobo.

Sitaelezea mazoezi ya wimbo wa ushindi. Ulikuwa mgumu kuliko ule wa wafu, na mrefu, na mwisho wake besi inashuka mahali ambapo mimi sina kitu. Ngoma ilibaki koridoni. Nitaeleza siku yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, anga safi, baridi ya asubuhi imeanza. Jiwe lilikuwa limesimama kwenye nyasi, jekundu, refu kuliko mtu. Waarmenia walikuwa kama hamsini, wazee wengi, wanaume wamevaa suti, na wageni wa mji wamekaa mbele. Kwaya yetu ilishuka kutoka kwenye teksi mbili, yale mabasi madogo ya huku, na hapo nikaona tulichokuwa tumekosea. Kamati ilikuwa imealika waimbaji ishirini. Mama Zawadi alikuwa ameitangaza siku ile Bellevue nzima kuwa siku ya kutoa matanga. Wamama walikuja na mabeseni, na mitungi ya maji, na mikeka, na sufuria tatu za wali, na vitenge vya sare. Walikuja watu ambao hawajawahi kuimba maishani mwao. Ngoma nayo ilikuja, imefungwa kwenye shuka kama mgonjwa.

Mzee wa kamati alinijia, mtu mpole, amechanganyikiwa. "Samahani, haya mabeseni ni ya nini?"

Kabla sijapata la kusema, padri alitokea nyuma yake akiwa na beseni lake. Sikuwa najua, wala Mwalimu hakutuambia kwa kuwa kwake lilikuwa jambo la kawaida: katika kanisa lao msalaba wa jiwe hubarikiwa kwa kuoshwa, kwa maji na divai, kisha hupakwa mafuta matakatifu. Padri aliyatazama mabeseni ya wamama kwa furaha. Alidhani wamekuja kumsaidia. Mzee wa kamati naye akadhani padri ndiye aliyeyaagiza. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo na kufunga mdomo.

Sala zikaanza. Mwalimu alisimama mbele yetu, nyeusi tangu kichwani hadi viatuni. Padri akachukua maji, akaanza kuuosha uso wa jiwe, polepole, kutoka juu. Maji yakapita kwenye majani yaliyochongwa. Wamama wakaona. Kwao ishara ilikuwa wazi, uso unanawishwa, matanga yametoka. Na wote pamoja, katikati ya sala, mbele ya wageni na suti zao, wakapiga vigelegele.

Bustani nzima ilisimama. Padri aliganda na mkono juu ya jiwe. Mzee wa kamati alifumba macho. Mimi nilitamani ardhi inifungukie nishuke.

Mwalimu aligeuka. Aliinua mkono, vigelegele vikakatika kama uzi. Akawatazama wamama mmoja mmoja.

"Mmeingia mapema," akasema kwa Kiswahili. "Hiyo ni baada ya Amina. Ngojeni mkono wangu."

Akageuka tena, akamwinamia padri ili aendelee. Padri akaendelea, akamimina divai, akapaka mafuta. Watu wakasema Amina kwa lugha yao na kwa lugha yetu. Mwalimu akavuta pumzi, nasi tukavuta. Akauinua mkono, akawapa wamama ishara yao kama anavyompa alto.

Nimesikia vigelegele vingi maishani, vya harusi na vya mapadri wapya. Vile vilitoka kwa watu waliovizuia. Vilipanda juu ya miti, na mbwa wa mtaa wa pili wakaitikia. Bibi mmoja wa Kiarmenia aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu aliinua mikono yote miwili. Ndipo Mama Zawadi alipotoka kwenye safu na beseni. Mwalimu alipomwona aliteremsha mkono wake. Hakukataa. Mama Zawadi alimnawisha uso kwa maji, akamfuta, akamvua ile shali nyeusi, na Fundi akaleta nguo aliyoishona kwa siri, kitenge cha buluu na dhahabu, ameikadiria kwa macho tu. Akavalishwa juu ya ile nyeusi mpaka nyeusi isionekane. Ilimkaa sawasawa. Mzee wa kamati, ambaye alikuwa bado hajui anaangalia nini, alivua kofia. Kisha akaja mwenyewe, akainamisha uso kwenye beseni. Na nyuma yake mwingine. Nao wakapanga foleni, wazee wale wa suti, kila mmoja kwa zamu yake, na wamama wakawanawisha.

Tukaimba wimbo wa mashahidi, konsonanti zote nne. Mwalimu alituongoza macho yakiwa wazi. Kwenye ubeti wa pili akatazama kando, kwenye shuka, akamwambia yule kijana, "Sasa." Ngoma ikafunguliwa. Miguu ikafunguliwa. Besi iliposhuka chini kule, sauti ilikuwepo; sijui ni nani aliyenipa.

Wali uliliwa na watu wa lugha saba. Kabla ya kuondoka, Mama Zawadi alipeleka kidole kwenye maandishi ya jiwe, akaniomba nimsomee. Nikamsomea: kwa waliouawa, na kwa waliokimbia wakafika. "Hapo mwisho," akasema, "ni sisi."

Miaka ikapita. Kila mwezi wa nne tulikwenda. Mara yangu ya mwisho kukaa na Mwalimu ilikuwa mwaka 2019, baada ya Pasaka. Alikuwa amedhoofika, daktari amemkataza kuimba, na alikaa kwenye baraza yake ya Troyeville akipigwa na jua. Nilikuwa na habari ya kumpa, lakini alinitangulia.

"Baba Katekista, nataka kuungama kitu."

"Mimi si padri, Mwalimu."

"Najua. Padri atanipa kitubio. Wewe utanyamaza tu." Akajikunyata ndani ya sweta. "Tangu siku ya jiwe nimeambiwa niwaombe wale watakatifu. Kuwalilia niliacha. Kuwaomba sikuweza. Niliona aibu. Mtu amekufa kwa njaa, unaanzaje kumwambia nipe? Miaka yote hii nimewaimbia tu. Lakini mwaka huu nimeomba."

"Umeomba nini?"

"Makaratasi ya Mama Zawadi."

Mama Zawadi alikuwa amekaa nchini humu miaka mingi kwa kibali cha muda, anakipangia foleni, kinaisha, anarudi foleni. Mara moja alikataliwa, akakata rufaa, na tangu hapo kila alipoagana nasi alisema kwaheri kama mtu asiyejua kesho.

"Nilimwomba yule mdogo, wa miaka sita," Mwalimu akaendelea. "Nilimwambia, wewe ulitembea huna karatasi, unajua ilivyo. Msaidie mama huyu. Je, nimekosa? Ni mtoto."

"Mwalimu," nikasema, "nimekuja kukuambia. Mama Zawadi ameitwa juzi. Wamempa. Ni mkimbizi anayetambuliwa. Amelia barabarani mpaka watu wa spaza, kile kiduka cha mtaani, wakamletea kiti."

Mimi nimesoma dini, na najua kwamba katekista hatangazi muujiza. Naandika tu yaliyotokea, na nani alikuwa ameomba nini.

Mwalimu hakulia, wala hakushangaa. Alikaa akitazama barabara, uso umetulia kama wa mtu aliyeitwa jina lake kwa sauti anayoifahamu.

"Basi anasikia," akasema.

Kisha akanyoosha mkono ndani ya dirisha, akatoa daftari na penseli, akaviweka magotini.

"Haya. Nitajie wengine."

Nikaanza na Fundi. Aliandika taratibu, akarudia kila jina kwa sauti ili asikosee kulitamka, na jua lilihama kutoka magotini kwake hadi miguuni tukiwa bado hatujamaliza safu ya tenori.

Nawe unayesoma, popote ulipo na kwa lugha yoyote unayoomba, Mungu akunawishe uso siku zako za msiba zitakapotimia, akuletee watu wa nje watakaokuvika, na jina lako lisikosekane midomoni mwa watakatifu wake, wakubwa kwa wadogo. Amina.